Leseni ya urubani si cheti cha tabia njema

"Si ameshaonyesha leseni? Sasa mnamuuliza nini tena?"

Ndege ndogo ikitua hapa Kigoma, kisha ikachelewa kuondoka kwa sababu ya karatasi, sentensi hiyo haikosi. Wanaisema wenyeji wa abiria, wanaisema madereva waliokuja kupokea wageni wa Mahale, na siku hizi wanaisema hata watu wenye vitambulisho vya uwanja shingoni. Hao wa mwisho ndio wamenifanya niandike, maana wao hawana ruhusa ya kutokujua. Leseni inajibu swali moja: je, mtu huyu alifuzu? Kama leo anaruhusiwa kurusha ndege hii, kwa safari ya namna hii, hilo ni swali jingine. Na ana nia gani, hilo ni la tatu, na leseni haina neno hata moja juu yake. Anayeyachanganya matatu haya hajakagua kitu, ametazama kadi tu.

Basi tuanze na kadi yenyewe. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kimeweka mpangilio mmoja wa leseni kwa nchi zote, na vipengele vimepewa namba za Kirumi. I ni nchi, II ni aina ya leseni, III namba, IV jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, VI uraia, VII saini ya mwenyewe, X saini ya ofisa na tarehe, XI muhuri. Wengi wanaishia hapo: jina lipo, muhuri upo, pita. Kazi iko XII na XIII. XII ni reitingi, yaani ndege na safari anazoruhusiwa: injini moja au mbili, nchi kavu au majini, kuruka kwa kutegemea vyombo, aina mahususi ya ndege. XIII ni maelezo, na ndipo yanapokaa masharti pamoja na kiwango cha lugha. Kwa Kiingereza cha redioni kiwango cha chini ni 4, na aliye na 4 anapaswa kupimwa upya walau kila baada ya miaka 3. Rubani mwenye saa elfu tano na kiwango cha 4 kilichokwisha mwezi uliopita hana sifa ya kuzungumza na mnara katika safari ya kimataifa, hata akiongea vizuri kuliko wewe. Geuza kadi, soma nyuma. Mara nyingi XIII iko nyuma.

Na usitegemee picha. Leseni ya Marekani haina picha ya mwenye leseni. Sura zilizoko pale ni za Orville na Wilbur Wright. Asiyejua hilo atafanya kosa moja kati ya mawili: ataikataa kadi halali, au ataikubali bila kuomba kitambulisho. Kanuni ya Marekani yenyewe inamtaka rubani awe na kitambulisho cha serikali chenye picha pamoja na leseni, kwa hiyo kiombe, si kumdhalilisha. Kadi hiyo pia haina tarehe ya mwisho. Kuitafuta ni kupoteza muda. Uhai wake unaupata kwenye medikali, yaani cheti cha afya ya rubani, na kwenye mapitio ya urushaji ambayo mwalimu anayasaini ndani ya kila miezi 24.

Medikali nitapita haraka. Kwa viwango vya ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya biashara inataka daraja la kwanza, leseni binafsi daraja la pili. Daraja la pili la rubani binafsi hudumu miezi 60, na akishavuka umri wa miaka 40 linashuka hadi 24. Nchi inaweza kukaza zaidi, kwa hiyo soma tarehe iliyoandikwa, usipige hesabu kichwani. Cheti kikiwa na sharti la miwani, angalia miwani iko wapi, na ya akiba iko wapi.

Kisha siku 90. Anayebeba abiria awe amepaa na kutua walau mara tatu ndani ya siku hizo. Ushahidi ni kitabu cha saa, na hapa nina shaka ambayo vitabu vya mafunzo haviiandiki: kitabu hicho anakijaza rubani mwenyewe. Mizunguko mitatu iliyorukwa na mizunguko mitatu iliyoandikwa mezani inafanana kwa wino. Njia pekee niliyoiona ina maana ni kuviweka vitu vitatu pamoja: kitabu cha rubani, kitabu cha safari cha ndege, na mita ya saa za injini. Rubani akiandika saa 4.2 tangu tarehe fulani, na mita imesogea 1.1, mazungumzo yabadilike. Ni kazi ya dakika kumi, na bado haikamati aliyeruka na ndege nyingine ambayo haiko mbele yako.

Sasa nifike panaponikera hasa. Watu wanaamini leseni ni leseni, kwamba rubani wa kweli ni rubani popote. Kwani hata leseni ya gari iko hivyo? Mwenye daraja D hakabidhiwi basi la abiria la kwenda Tabora, na hakuna anayeona ajabu. Kwenye ndege kuna zaidi ya daraja, kuna utaifa wa chombo. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago inasema rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyothibitishwa, na nchi ambako ndege imesajiliwa. Hiyo nchi si lazima iwe alikozaliwa rubani, wala ndege iliposimama. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia kwenye herufi za ubavuni kabla ya kadi. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 9Q Kongo, 9U Burundi, N Marekani. Ukishajua herufi, ndipo unajua kadi ipi inahitajika.

Chukua ndege yenye N, imesimama hapa kwetu, na rubani wake ana leseni ya Tanzania peke yake. Je, ni halali? Kanuni ya Marekani inaruhusu ndege yao irushwe ndani ya nchi ya kigeni kwa leseni iliyotolewa na nchi hiyohiyo. Kwa hiyo kutoka Kigoma kwenda Tabora, kwa upande wa Marekani, hana kosa. Sasa rubani huyohuyo, ndege hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, aelekee Kalemie, Kongo. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, inalivuka kwa kama robo saa. Katikati ya maji kuna mpaka, na akiupita tu, leseni yake haifai tena kwa ndege ile, kwa sababu sasa yuko Kongo na kadi ni ya Tanzania. Hakuna kilichobadilika ndani ya chumba cha rubani. Mkono ni uleule, ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni uhalali, na aliyetazama kadi bila kutazama herufi na kituo cha mwisho hataliona hilo kamwe.

Kuna upande wa pili wa ibara hiyo unaosahauliwa zaidi. Nchi ina haki ya kukataa, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Kijana wa Kitanzania aliyesomea nje akarudi na leseni ya huko asidhani uraia unamrahisishia. Unaweza kumkazia. Aanze kuishughulikia leseni yake kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuahidi mtu kazi. Na nchi ikiithibitisha leseni ya kigeni itumike, uthibitisho huo hauishi muda mrefu kuliko leseni mama: ile ikifa, huu nao umekufa, hata kama karatasi yake inaonyesha mwezi ujao.

Barua za kuthibitisha uhalisi nazo. Barua inayosema "leseni hii ni halisi" iliyoletwa na rubani mwenyewe ndani ya mkoba wake haithibitishi kitu. Uthibitisho hutoka mamlaka kwenda mamlaka, kwa anwani uliyoitafuta wewe, si ile iliyochapwa kwenye barua unayoikagua. Jibu linaweza kuchukua siku, na ndege haiwezi kulala uwanjani wiki nzima ikisubiri barua pepe, kwa hiyo kazi hii ifanyike wakati wa kuomba kibali cha kuingia au kutua, siyo magurudumu yakishagusa lami.

Jambo la pili linalonikera ni neno "binafsi". Ndege binafsi si ndege ya mtu binafsi! Ubinafsi uko kwenye safari, hauko kwenye mmiliki. Kwenye fomu ya mpango wa safari, kisanduku cha 8, kuna herufi moja ya aina ya safari: S kwa ratiba, N kwa safari ya kukodi isiyo na ratiba, G kwa urushaji binafsi, M kwa jeshi, X kwa mengine. Ndege ya kampuni ikimpeleka mhandisi wake, inaweza kuwa G. Ndege ya mzee mmoja aliyoinunua kwa jasho lake, ikibeba wageni watatu kwenda Mahale na kila mmoja ameacha bahasha, si G tena. Wataita "kuchangia mafuta". Kiambatisho cha 1 kinampa mwenye PPL, yaani leseni ya rubani binafsi, haki ya kurusha bila malipo, katika safari zisizo za mapato. Marekani wanaruhusu kuchangia, lakini kwa hesabu: watu wanne pamoja na rubani, gharama ya mafuta, oili, ada za uwanja na kodi ya ndege ikifika dola 400, rubani mwenyewe hawezi kutoa chini ya 100. Akitoa 99, amelipwa.

Kwa nini herufi moja initie joto? Kwa sababu G inaacha wazi mlango ambao usalama ungeufunga. Mwenye ndege za kukodi anatakiwa awe na cheti cha uendeshaji, mpango wa usalama uliokubaliwa, abiria waliokaguliwa, marubani wanaopimwa mara kwa mara. Akiandika G, yote hayo yameyeyuka kwa kalamu. Na bima ya safari binafsi kwa kawaida haigharamii safari ya malipo, kwa hiyo familia ya abiria ndiyo itakayolipia ile herufi. Kulijua hili hakuhitaji kompyuta. Waulize abiria, mmoja mmoja, mbali na rubani: nani alikupangia safari hii, na umelipa nini? Abiria hawajajifunza kudanganya, wataeleza kwa raha.

Tumebaki na nia, na hapa ndipo "ameshaonyesha leseni" inapokuwa hatari. Marubani wanne miongoni mwa watekaji wa Septemba 11, 2001 walikuwa na leseni halisi za Marekani, walizozipata kwa mafunzo na mitihani. Si za kughushi. Mathias Rust, kijana wa miaka 18 aliyetua na Cessna karibu na Uwanja Mwekundu wa Moscow Mei 28, 1987, naye alikuwa rubani mwenye leseni. Rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, aliyeiangusha ndege kwenye milima ya Alps Machi 24, 2015 na kuua watu 150, pamoja naye, alikuwa na medikali ya daraja la kwanza ambayo tarehe yake haijaisha; madaktari waliokuwa wakimtibu hawakuiarifu mamlaka ya anga. Ungezikagua kadi zao zote, zingepita.

Kwa upande mwingine, Januari 5, 2002 huko Tampa, Marekani, mwanafunzi wa urubani wa miaka 15 alipewa funguo afanye ukaguzi wa kabla ya kuruka, akawasha injini akaondoka peke yake, akaigonga ghorofa. Huyo leseni hakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo kwa ndege ndogo mimi naiamini kufuli kuliko fomu: funguo zisilale ndani ya ndege, propela ifungwe kwa mnyororo wenye kufuli, na anayeingia upande wa ndege ajulikane anamfuata nani.

Nikiri shaka nyingine. Kanuni nyingi za usalama zinapanga hatari kwa uzito. Mpango wa Marekani kwa ndege za kukodi unaanzia pauni 12,500, yaani kilo 5,670, na ICAO ina mstari wake wa kilo 5,700 kwa mambo kadhaa. Namba hizo zilikuwapo kwenye kanuni za ubora wa ndege muda mrefu kabla ya 2001. Zilitengenezwa kwa ajili ya mabawa na injini, si kwa ajili ya wahalifu. Cessna 172 iliyojaa haifiki kilo 1,200, ni nyepesi kuliko Land Cruiser iliyoileta familia uwanjani. Sioni ushahidi kwamba mstari ule unapima tishio. Lakini ndio mstari uliopo, na kuufuata nusu nusu ni kubaya zaidi.

Kinachopima nia, kwa kiasi kinachowezekana, ni kufanana kwa maelezo: kibali, mpango wa safari, orodha ya abiria na kilichomo ndani ya ndege viseme kitu kimoja. Hapa kwetu vinagombana zaidi kwenye saa. Abiria anaambiwa saa tatu asubuhi, simu ya rubani inaonyesha 0900, na kwenye kisanduku cha 13, cha kiwanja na saa ya kuondoka, panatakiwa HTKA0600: HTKA ni Kigoma, na fomu ni ya saa za dunia (UTC), zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Anayeandika 0900 amesema ataondoka saa sita mchana. Anayeandika 0300 amesema alfajiri. Akiuvuka mpaka kwa saa isiyo yake, kwa jirani yeye ni ndege isiyojulikana. Ndege ya kijeshi ikimjia kushoto, mbele na juu kidogo, ikatikisa mabawa, naye atikise yake, afuate, aite kwenye masafa ya dharura ya 121.5, aweke namba ya dharura 7700 kwenye transponda kama hajaambiwa vinginevyo. Ibara ya 3 bis, iliyopitishwa 1984 baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kutunguliwa 1983, inazikataza nchi kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia angani. Asiitegemee badala ya kuandika saa sahihi.

Na akishatua kwenye kiwanja cha nyasi kisicho na mnara, apige simu aufunge mpango wake. Nusu saa baada ya muda aliosema atafika, bila habari, ndege yake inahesabiwa kuwa katika mashaka, na watu wanaanza kumtafuta kwa redio na simu.