Wakala wa kuasili watoto Dodoma? Hayupo

Jumatatu iliyopita nimelisikia tena swali la wakala wa kuasili, yaani wa kumpata mtoto awe wako kisheria, safari hii kwa mume na mke waliotoka Kongwa na basi la alfajiri. Shikamoo, marahaba, karibuni mkae. Mume akaweka bahasha ya kaki mezani. Mke akasema: "Mama, tumeelekezwa kwa wakala wa kuasili hapa mjini. Tumeshatanguliza laki nane. Tumeona tuje kwanza kwako utuambie kama ni watu waaminifu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya daftari. "Mimi bibi wa mtoto nimemkabidhi mjukuu wangu kwa hiari yangu." Chini yake alama ya dole gumba, wino wa bluu umevuja pembeni, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Halafu kipande cha risiti: "mchango wa maendeleo ya kituo".

Niko ustawi wa jamii mwaka wa kumi na tisa huu. Swali la "wakala yupi ni mzuri" nimelijibu mpaka midomo imekauka, kwa hiyo leo naandika: kauli ninazozisikia, na majibu yangu.

"Tafuta wakala mzuri, atakupatia mtoto"

Hapa kwetu kuasili hakupitii kwa wakala, awe mzuri au mbaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka njia yake. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Tunakuja nyumbani kwako, tunaangalia mnavyoishi, tunauliza maswali mengine yatakayokuudhi, tunaandika taarifa. Taarifa inakwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Ukikubaliwa, mtoto anakuja kwanza kwa malezi ya kambo, yaani unamlea kwako kabla hajawa wako kisheria, sisi tukiwa tunapita kuangalia. Baada ya hapo ndipo maombi yanafikishwa mahakamani, na anayetoa amri ya kuasili ni mahakama peke yake. Mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, shekhe, hata mimi mwenyewe, hatuna uwezo huo. Ile karatasi ya dole gumba haina nguvu yoyote, hata ingepigwa mihuri kumi.

Wakili utamlipa ukiamua kumtumia, na hilo ni halali: anaandaa maombi na kusimama mahakamani. Kukutafutia mtoto si kazi yake. Mahakama nayo inapaswa kujiridhisha kwamba hakuna aliyepokea wala kuahidiwa malipo kwa ajili ya mtoto huyo. Kwa hiyo ile laki nane haikuwaharakishia kitu. Imewaharibia.

Watu wananiambia, "Lakini mama, mwenye kituo ndiye anayewalea." Ndiyo, anawalea. Leseni ya makao ya watoto ni ya kulea. Watoto si mali yake hata awagawe, na mgeni haruhusiwi kuja kuwapanga mstari achague anayemfurahisha macho. Nimewahi kulikuta hilo kwa macho yangu, watoto wamevalishwa nguo za Krismasi mwezi wa sita. Sitasahau.

Kinachonikera zaidi kimejificha nyuma ya ile karatasi. Alhamisi nilimfuata yule bibi kijijini kwake, Chamwino. Mvua zilikata mapema, uwele umekauka ukiwa na kimo cha goti. Alikuwa anasonga ugali kidogo, mlenda pembeni. Kumbe aliambiwa mtoto anakwenda kusomeshwa, akimaliza darasa la saba atarudi. Kusoma hajui, akashikwa mkono, akabonyeza wino. Mama wa mtoto yu hai, anafanya kazi za ndani Dar es Salaam na simu yake inapatikana. Nilimpigia pale pale, nimekaa kwenye kigoda cha bibi. Hakuwa na habari.

Mtoto huyo wanamwita yatima. Anachohitaji ni magunia mawili ya mahindi mpaka msimu ujao na sare ya shule. Na hata kama bibi angeshindwa kabisa, tungeanza na shangazi na wajomba, na Wagogo hawana uhaba wa shangazi. Kuasili kunakuja baadaye, pale ambapo ndugu wametafutwa kweli wakakosekana au hawafai.

Ukiambiwa kuna mtoto, muulize anayekuambia: afisa ustawi gani ana jalada lake, na ndugu zake walitafutwa wapi? Akianza kung'aka, nyanyuka uondoke.

"Nitamkatia tu cheti cha kuzaliwa kwa jina langu"

Huko ni kutoa taarifa za uongo kwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, na ni kosa. Mtoto aliyeasiliwa ana rejista yake kwa Msajili Mkuu. Akishasajiliwa humo, siku ya mirathi hakuna baba mdogo wa kumfukuza kwenye shamba.

"Mwanamke asiye na mume haruhusiwi"

Anaruhusiwa. Asiye ndugu wa mtoto awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mwanamume anayeomba peke yake ndiye anayebanwa zaidi.

"Wazungu wanachukua watoto ndani ya mwezi mmoja"

Asiye raia anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, na amlee mtoto miezi isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wetu kabla ya amri. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi. Kampuni ya ughaibuni inayoahidi mtoto wa Kitanzania kwa muda mfupi inadanganya.

"Nitaasili msichana mkubwa mkubwa, anisaidie nyumbani"

Hapana. Na usije ofisini kwangu na sentensi hiyo.

Wale wa Kongwa nimewapa orodha ya nyaraka za kuanzia maombi kwenye halmashauri yao. Ni watu wazuri, walipotoshwa. Mke alikuwa ameshafika mlangoni akageuka. "Mama, ile laki nane sasa tutaidai kwa nani?"

Nikachukua mkoba wangu, tukaongozana mpaka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, bahasha nimeibeba mimi.