Mji Mkongwe na wazee wa meli za watalii: tatizo si urefu wa njia

Wengi huamini kuwa matembezi ya kihistoria Mji Mkongwe, Zanzibar, ni marefu mno kwa wazee wanaoshuka melini. Kumbe njia ya kutoka bustani ya Forodhani, ufukweni, hadi Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, haifiki kilomita moja. Kinachochosha ni jua la adhuhuri, vichochoro visivyo sawa, vyenye utelezi baada ya mvua, na hasa kusimama kumsikiliza mwongozaji. Magoti huumia hapo kuliko mwendoni. Vyumba vya chini ya ardhi Mkunazini, vinavyooneshwa kama vya watumwa, vina ngazi na dari fupi, lazima uiname.

Kabla ya kulipa, uliza: ngazi ziko wapi? Tutakaa wapi? Vyoo je? Gari litamchukua wapi aliyechoka, maana vichochoroni haliingii? Mzee ajipime kwao: atembee saa nzima, akisimama dakika kumi kumi. Akimudu, aanze kabla ya saa nne asubuhi.