Mvinyo mweupe wa Tasmania: anza na uchachu

Ukitaka kuuelewa mvinyo mweupe wa Tasmania, weka kando kwanza orodha ndefu za harufu za maua na matunda. Piga funda, umeze, kisha uangalie jinsi mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi. Uchachu ule ndio mtaji wa kisiwa. Anayetengeneza Riesling, anayetengeneza Chardonnay (zote mbili ni aina za zabibu nyeupe) na anayetengeneza mvinyo wa mapovu wote wameupata kutokana na baridi ileile. Wanachotofautiana ni namna ya kuutumia, na mimi hupima kazi yao kwa hilo tu.

Kisiwa chenyewe kiko kusini mwa bara la Australia, ng'ambo ya mlangobahari wa Bass, kati ya latitudo ya 40 na ya 44 kusini. Pepo kali za magharibi hutoka baharini, zikagonga milima ya upande huo na kumwaga mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huko huwezi kulima zabibu za maana. Mashamba yako nyuma ya milima: kaskazini kuna bonde la Tamar na Pipers River, halafu pwani ya mashariki, na kusini karibu na Hobart kuna mabonde ya Derwent, Coal River na Huon. Hobart hupata takriban milimita 600 tu za mvua, na Coal River ni kukavu zaidi, hata wakulima wake hutegemea maji ya bwawa la Craigbourne. Kwa hiyo, unaposikia nchi ya baridi usidhani ni mawingu mwaka mzima. Desemba mwanga wa mchana hudumu kama saa 15. Jua lipo tele. Joto ndilo haba. Januari, katikati ya kiangazi, mchana wa Hobart ni kama nyuzi 22, na usiku hushuka hadi 12 au 13.

Usiku ule ndio unaofanya kazi kubwa. Zabibu changa ina asidi mbili kuu, ya tatariki na ya maliki. Ya tatariki haibanduki kirahisi. Ya maliki, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye tofaa bichi, hutumiwa na tunda lenyewe linapopumua, na joto likizidi hutumika upesi. Dodoma, ambako mzabibu haupati majira ya baridi na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, asidi hiyo hupungua mapema, na mtengenezaji lazima awahi kuvuna. Tasmania huvuna mara moja, kuanzia Machi hadi Mei, na tunda hupata muda wa kujenga harufu zake huku uchachu ukiwa bado haujaondoka.

Haikuwa rahisi kumshawishi mtu kwamba jambo hili lina faida. Kisiwa kilisifika kwa matofaa. Mwaka 1958 Claudio Alcorso, mfanyabiashara wa nguo aliyezaliwa Italia, alipanda Riesling huko Moorilla, kando ya mto Derwent. Leo mahali hapo pana jumba la makumbusho la MONA. Mwaka 1974 Andrew Pirie, mtaalamu wa mizabibu, alianzisha shamba la Pipers Brook kaskazini, baada ya kutafuta hali ya hewa inayokaribiana na ya mashamba mashuhuri ya Ufaransa. Wafaransa wenyewe walifuata: mwaka 1986 nyumba ya Louis Roederer ya Champagne iliungana na Heemskerk, shamba la kisiwani, na mvinyo wa mapovu wa Jansz ukazaliwa. Mvinyo wa mapovu huhitaji zabibu zenye sukari kidogo na asidi nyingi. Ni asidi hiyo inayouwezesha kukaa juu ya mashapo ya hamira kwa miaka bila kuchoka. Watengenezaji wa House of Arras huacha baadhi ya chupa zao hivyo kwa zaidi ya miaka 10.

Chardonnay ndiyo inayotafutwa zaidi sasa. Kampuni ya Penfolds hutumia zabibu za kisiwa hiki katika Chardonnay yake iitwayo Yattarna, na shamba la Tolpuddle huko Coal River, lililopandwa mwaka 1988, limejijengea heshima kubwa. Hapa mtengenezaji ana njia ya kuulainisha uchachu: huwaachia bakteria waigeuze asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ile ya maziwa ya mgando. Wakiimaliza yote, ladha ya siagi hufunika kila kitu, na sioni sababu ya kwenda kulima kwenye baridi kama mwisho wake ni huo. Napenda Chardonnay ambayo sehemu yake tu imepitishwa huko, na ladha ya pipa la mwaloni imekaa nyuma.

Lakini moyo wangu uko kwa Riesling. Haina pipa la kujificha, wala bakteria wa kuipunguzia makali. Silaha pekee ni sukari: unasimamisha uchachushaji mapema kidogo, kabla hamira haijaimaliza sukari, na gramu chache zinabaki. Watengenezaji wa Pressing Matters huko Coal River wameliandika jambo hili kwenye chupa: R0, R9, R69, R139, yaani gramu za sukari katika kila lita. Mwenye nafasi azionje kwa mfululizo. R9 wengi huapa kwamba ni kavu kabisa, yaani haina utamu, kwa kuwa uchachu umeimeza sukari yote. R139 ni tamu ya kunywa baada ya mlo, ila haigandi mdomoni, inasafisha.

Pinot gris na Sauvignon blanc zipo pia, safi na za kunywa zikiwa changa. Riesling usiiwahi. Ikiwa kavu, miaka miwili ya kwanza ina ndimu na ukali mtupu. Ipe miaka 7 au 8, chini ya kile kifuniko cha kuzungusha, na asali na mkate uliochomwa huanza kujitokeza bila ule uchachu kupotea.

Ukiifungua, usiizamishe kwenye barafu hadi ikose harufu. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Yenye sukari kidogo, kama R9, mimi huiweka na samaki wa kupaka: tui ni zito, pilipili inawasha, na uchachu huupa ulimi nafasi ya kurudia tonge jingine.