Ukame kwenye kisiwa chenye mvua nyingi

Mtu wa Dodoma akisikia Pemba kuna ukame huenda akacheka. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi za mvua kwa mwaka, Pemba karibu 1,900. Lakini ukame haupimwi kwa kulinganisha Pemba na Dodoma. Mahali hulinganishwa na kawaida yake: mvua ya msimu huu imekuja kama ilivyozoeleka, au imechelewa ikakatika kabla ya wakati?

Wataalamu huugawa ukame kwa hatua. Mvua ikipungua tu, huo ni ukame wa hali ya hewa. Udongo ukikosa unyevu mimea ikadhoofika, ni ukame wa kilimo. Visima, chemchemi na mito ikishuka, ni ukame wa maji. Hatua hizi hazifiki siku moja, ndiyo maana mkulima anaweza kulia na huku bomba la mjini linatiririka.

Shamba hutangulia. Mpunga wa kutegemea mvua hufuata hesabu ya masika, Machi hadi Mei. Mvua ikikatika wiki mbili tatu wakati mpunga unachanua, mkulima atavuna pepe, hata kama jumla ya mvua ya mwaka itasomeka vizuri kwenye takwimu. Mabonde yenye umwagiliaji, kama Kibokwa na Bumbwisudi, huponea hapo. Muhogo hupukutisha majani ukangoja. Majimbi hayana subira hiyo. Mkarafuu mkubwa hustahimili kuliko miche. Miche ikifa, pengo lake halionekani mwaka huo, kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa.

Ardhi nayo si moja. Bondeni udongo mzito hushika unyevu. Kwenye maweni, kama Micheweni au Makunduchi, udongo ni kiduchu juu ya mwamba wa matumbawe na mvua hupenya moja kwa moja, kwa hiyo siku chache za jua zinatosha kunyausha kunde.

Ukame wa maji huchelewa, lakini kisiwani una ubaya wa peke yake. Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao wa maji mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulikuwa umepungua na kila mtu aliona. Sisi wa Unguja na Pemba hatuna Ruvu. Maji yetu ya bomba hutoka zaidi ardhini, na huko chini maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mwamba, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huambatana na kiasi cha mita 40 chini yake. Sasa igeuze: maji yakishuka mita moja na kubaki hapo, kwa nadharia mpaka wa chumvi hupanda mita 40. Ndiyo maana kisima cha pwani kinaweza kuwa kimejaa na maji yake hayanyweki. Tena mvua ikirudi, chumvi haiondoki kwa msimu mmoja.

Ila si kila chumvi ni ya kusingizia mvua. Wageni hujaa Nungwi na Paje kuanzia Desemba hadi Februari, msimu wa kaskazi wenye jua kali, na pampu huvuta zaidi pale pale ardhi inapopokea kidogo. Vuli ikiwa hafifu, kama inavyotokea mara nyingi miaka ya La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopoa kuliko kawaida, mambo hayo mawili hukutana kisima kimoja. Kwa maoni yangu, kupunguza uvutaji miezi hiyo na kujaza matangi ya mvua wakati wa masika kuna faida kuliko kuchimba kisima kirefu zaidi, maana kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi iliko.

Na bomba kavu peke yake halithibitishi ukame. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme, pampu zikasimama, watu wakahangaika na ndoo wakati maji yapo chini ya miguu yao.