Mchezo kwenye picha sio lazima ubebe kombe

"Wewe nipige tu hapahapa nilipo, niweke ulingoni nimeshika mkanda, mengine utamalizia kwenye kompyuta." Hiyo sentensi nimeisikia mpaka naweza kumsaidia mteja kuimalizia, na juzi nimeisikia tena kutoka kwa mtu ambaye tulishakaa naye saa nzima tunaongea, nikaona leo acha niandike nipumue. Kazi yangu ni picha za kuunganisha, yaani napiga, nakata, nachanganya na nyingine mpaka itoke picha moja ya kitu ambacho hakijawahi kutokea popote, na siku hizi wengi wanaokuja wanataka maisha yao yaelezwe kwa mchezo. Wazo zuri kabisa, ila linaharibiwa na mambo yaleyale kila siku.

Linalonichosha kuliko yote ni hili la kuamini kwamba ukishaweka mchezo basi lazima iwe picha ya ushindi. Mkanda, kombe, kilele cha mlima, mikono juu, vikaratasi vinadondoka, misuli imepakwa mafuta. Ukimuuliza mtu kwa nini ngumi anakwambia "kwa sababu nimepambana sana". Sawa, umepambana, nani hajapambana? Hilo neno halinipi kitu cha kupiga picha. Akitoka wa ngumi anaingia wa marathoni, maisha ni marathoni, ukimuuliza wewe hapo ulikuwa kilomita ya ngapi kati ya zile 42.195, miguu ilikuwa inafanya nini, nani alikuwa pembeni, hana jibu, alichotaka ni ile picha ya kukata utepe tu.

Ukweli ni kwamba mchezo wenyewe hausemi chochote, kinachosema ni katukio kadogo ndani ya mchezo. Chukua mbio za kupokezana vijiti, zile za mita 100 kwa watu wanne. Kuna kile kipande cha mita 30 cha kubadilishana kijiti, anayepokea ameshaanza kukimbia, mkono ameutupa nyuma, kiganja wazi, na haangalii, anasubiri tu kijiti kigonge kiganja. Mtu aliyelelewa na dada yake akija kwangu mimi nataka ule mkono, sihitaji kabisa aliyemaliza wa kwanza. Au penalti za kuamua mechi, wote tunamwangalia mpigaji na kipa, mita 11 pale, lakini geuza macho katikati ya uwanja kuna watu wamesimama mstari mmoja wameshikana mabega na hawawezi kufanya lolote tena. Kama umewahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji unamjua mtu wa ule mstari. Ukimuweka kwenye mkanda wa ngumi umemdanganya.

Sasa huyu wa juzi. Amemuuguza baba yake miaka mitatu, usiku simu haizimwi, kazini yupo nusu, na mzee bado anaumwa mpaka leo. Anataka ulingo na mkanda. Nikamuuliza kaka, mpinzani wako nani? Akasema ugonjwa. Umeupiga ngumi ngapi? Akacheka. Umeshinda? Kimya. Maana hakupiga mtu na hajashinda kitu, alichofanya miaka yote hiyo ni kusubiri akiwa macho, na kwenye michezo kuna mtu mmoja kazi yake ni hiyohiyo, kipa ambaye mpira uko upande wa pili. Uwanja mzima umempa mgongo, yeye anatembea kwenye boksi lake dogo, anapiga makofi, anafokea mabeki ambao hawamsikii, hakai, hanywi maji kwa raha, na zamu yake ikija ni sekunde mbili. Nilipomwambia hivyo akaanza mwenyewe kunionyesha anavyosimama mlangoni kwa mzee usiku, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Mkono huohuo ukaenda kwenye nguzo ya goli. Ndani ya goli, nyuma yake kwenye nyavu, tukaweka kitanda kimetandikwa.

Akauliza mpira utauweka wapi. Hamna mpira. Tulibishana siku mbili kuhusu huo mpira jamani.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao kila mtu naempa anaona namletea mambo ya shule: chukua karatasi uandike kilichokutokea bila kutaja mchezo wowote na bila kutumia maneno kupambana, ushindi, ndoto wala safari. Andika mwili wako ulikuwa wapi na mikono ilikuwa imeshika nini. Ukimaliza ndio utafute mchezo ambao mtu anakaa hivyohivyo. Wengi wanaanza na mchezo wanaoushabikia halafu wanalazimisha maisha yaingie, ndio maana picha zinafanana zote kama mabango ya vinywaji vya nguvu. Na hapana, sio lazima uwe unaucheza huo mchezo, yule bwana hajawahi kudaka mpira maishani mwake, ila ukiweka mchezo usioujua kaa na anayeujua akuangalie, kipa akivaa glavu vibaya watu wa mpira hawataona kitanda wataona glavu.

Haya, la pili, "utamalizia kwenye kompyuta". Hili linaletwa na watu wanaonitumia selfi iliyopigwa sebuleni chini ya balbu halafu wanataka wasimame uwanjani usiku chini ya mataa. Kompyuta inabadilisha rangi, inabadilisha mwangaza, lakini upande ambao mwanga ulitokea umeshaandikwa usoni mwako, kivuli cha pua kinaenda kulia na nguzo ya goli kivuli chake kinaenda kushoto, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi ila atakwambia "inaonekana ya kubandika". Uwanja wenye minara minne ya taa kwenye kona unampa mchezaji vivuli vinne, vinatoka miguuni kama msalaba. Hebu angalia mechi yoyote ya usiku ya zamani. Kwa yule bwana nilikuwa na taa tatu tu studio, kwa hiyo kamera kwenye tripodi, mteja asitikisike, nikapiga taa mbili za mbele, nikazihamishia nyuma nikapiga tena, nikaunganisha zote mbili. Kazi ya dakika kumi. Kuichora ile mianga kwa mkono kwenye kompyuta ningemaliza usiku mzima na bado ingeonekana feki.

Kinachosahaulika zaidi ya mwanga ni kamera iko juu kiasi gani kutoka chini. Picha ya uwanja niliipiga kamera ikiwa karibu na nyasi, nusu mita hivi, na uwanja ni tambarare, kwa hiyo mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu, unamkata kila aliyesimama pale kwenye magoti, awe karibu awe mbali. Ina maana na mteja studio lazima nimpige kamera ikiwa magotini. Ukimpiga usawa wa macho halafu umbandike pale anaelea tu, utavuta utasukuma, utaongeza kivuli, bado anaelea. Na umbali nao uwe uleule, kwa sababu ni umbali unaotengeneza umbo la mtu, lenzi inakata tu eneo. Kitanda je? Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa 2.44, kitanda cha mita mbili kinachukua zaidi kidogo ya robo ya upana wa goli, hapo unapima hubahatishi (na kwa kuwa kiko ndani zaidi kwenye nyavu kinapungua kidogo). Mara ya kwanza nilikiweka kwa macho, kikaonekana cha mtoto.

Kivuli cha chini ya kiatu, pale soli inapogusa nyasi, ndio kiwe cheusi kuliko vyote na kikali, kikitoka pale kinalegea taratibu. Wanaoanza wanaweka wingu moja la kijivu chini ya mtu wanaita kivuli.

Halafu kuna wanaosema "nitasimama kama nakimbia". Huwezi. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia ya farasi wa mbio, na picha zikaonyesha farasi akiwa hewani kabisa miguu yote imejikunja chini ya tumbo, wakati wachoraji miaka nenda rudi walikuwa wanaichora imenyooka mbele na nyuma kama anaruka mtaro. Yaani watu walikuwa wanaona farasi kila siku na bado picha ya kichwani ilikuwa ya uongo. Wewe unayejipozisha unakimbia studio unafanya kitu hichohicho, unachora unachodhani. Uzito uko kwenye mguu wa nyuma, shingo imetulia, shati halijashika upepo, mashavu hayatikisiki. Kimbia kweli, hata hatua tano, shata (muda kamera inavyofunguka) sekunde 1/1000 au kasi zaidi, mara 30, tutachagua moja. Kudaka mpira weka godoro uruke. Yule wa kitanda alikuwa amesimama tu lakini hata kusimama nilimfanya atembeetembee dakika ishirini kwanza akiwa na glavu mpaka akachoka, mabega yakashuka yenyewe.

Mengine ya harakaharaka. "Badilisha iwe 300 ili tuprinti kubwa." Ile namba 300, yaani pikseli (nukta za picha) 300 kwa kila inchi, ni maelekezo tu ya printa, picha haiongezeki hata pikseli moja. A3 kwa 300 ni pikseli 4961 kwa 3508, pikseli zako hazifiki hapo basi hazifiki, na picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, itume kama dokumenti.

Moshi, cheche, vumbi la rangi, mvua ya pembeni, mwanga unapasua wingu. Kila kimoja uniambie kinafanya nini pale. Mvua sawa kama usiku ule kulikuwa na mvua. Nina mteja alitaka cheche zitoke kwenye raketi, nikamuuliza cheche za nini, akasema "inapendeza". Basi weka picha ya fataki uishie hapo.

Kwamba hizi sio sanaa ni ujanja wa kompyuta, sijui hata nianzie wapi. Mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 akatoa picha moja, bila kompyuta, bila hata balbu ya umeme. Photoshop, programu ya kuhariri picha, imeanza kuuzwa 1990, na leya zenyewe, yaani tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine bila kushikana, zimekuja 1994, yaani miaka minne ya kwanza ukibandika kitu kimebandikwa, ukikosea umekosea. Ila hapa nao wenye kulalamika wana pointi moja: kwenye picha za habari kuongeza au kuondoa kitu ni kosa, mashindano kama World Press Photo wanakutoa. Kwa hiyo ukiipeleka mahali popote andika wazi ni picha ya kuunganisha. Ukificha wewe ndio umeleta uongo, sio programu.

Picha za intaneti nazo, "si ipo Google". Ipo Google lakini ina mwenyewe, na mwanga wake sio wako, na ile kamera ilikuwa urefu gani hujui. Uwanja wowote mtupu ukienda jioni na kamera yako unapata bora zaidi. Akili bandia itakupa kipa, sibishi, kipa mzuri tu, ila ule mkono kwenye nguzo ulikuwa mkono wa mtu fulani mwenye mazoea fulani ya kusimama mlangoni, na hayo huwezi kuyaandika kwenye kisanduku cha maelekezo kama hujakaa ukayaona.

Kabla hujaprinti igeuze picha kulia iwe kushoto, halafu iangalie ndogo na isiyo na rangi. Makosa ya mwanga yanajitokeza yenyewe. Nafanya hivi kila kazi na kila kazi nakuta kitu.

Na tafadhali kwenye kompyuta acheni ifutio, tumieni maski, yaani kifuniko cha kuficha sehemu ya picha ambacho unaweza kukizima. Nasikia "ni kitu kimoja tu, vyote vinaficha", sio kitu kimoja, ifutio imeua, maski imefunika tu. Yule bwana tulimweka na simu kwenye glavu ya kushoto, skrini inawaka kidogo. Akasema itoe, watu watacheka kipa ana simu. Nikaifunika na maski, akaondoka na faili ya kuangalia. Siku nne baadaye ananipigia saa tano usiku, anaongea kwa sauti ya chini maana mzee amelala, ananiuliza ile simu bado ninayo.

Nikafungua faili, nikazima maski, ikawaka palepale kwenye glavu.