ED (Early Decision): kuthibitisha chuo cha Marekani kabla hujachaguliwa

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kuna mchuuzi anayesubiri mitumbwi ifike asubuhi ndipo aulizie bei ya dagaa, na kuna mwingine aliyekwisha kumpa mwenye mtumbwi hela ya petroli tangu jana. Huyu wa pili ana uhakika wa mzigo. Mwenye mtumbwi naye ana uhakika wa mnunuzi, ila hawezi kuuza kwingine hata akikuta bei imepanda. Mwombaji wa ED ndiye huyo mwenye mtumbwi.

ED ni njia ya kuomba mapema kwenye vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali, kama Brown, Cornell na Dartmouth. Siku ya mwisho mara nyingi ni Novemba 1 na jibu hutoka katikati ya Desemba. Wanaoomba kwa kawaida hutuma mwanzoni mwa Januari na kukaa roho juu hadi mwishoni mwa Machi. Bei ya kujibiwa mapema ni ahadi: wakikuchukua, unakwenda, na maombi ya kwingine unayafuta. Unasaini wewe, mzazi, na mwalimu wako mshauri.

Huku kwetu tumezoea kinyume chake. Unaomba vyuo kadhaa, ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Kwenye ED unathibitisha kwanza.

Ipo pia EA (Early Action), njia nyingine ya kuomba mapema, ambayo haikufungi. MIT wanaitumia: unajibiwa Desemba na una hadi Mei 1 kuamua. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana EA yenye masharti. Hulazimiki kwenda, lakini kwa kawaida huruhusiwi kuomba mapema chuo kingine binafsi cha Marekani.

Wengi huvutiwa na asilimia. Ni kweli wanaochukuliwa mapema huwa wengi kwa uwiano, lakini humo wamo wanamichezo ambao makocha walishawachagua zamani. Mtoto wa Igoma asijipimie kwa hesabu hiyo.

Mimi ningeanza na hela. Mwaka mmoja kwenye vyuo binafsi vya aina hii unapita dola 80,000, kwa hiyo familia nyingi za hapa haziwezi kwenda bila msaada wa chuo chenyewe. Ukiomba ED unaona ofa moja tu ya msaada. Isipotosha, unaruhusiwa kujitoa, hilo lipo kwenye masharti. Usichoweza ni kuiweka mezani pamoja na ofa za vyuo vingine uone ipi inambakishia mzee ng'ombe wake. Tena vipo vyuo vinavyoangalia kwanza kama mwanafunzi wa nje anahitaji msaada ndipo viamue kumchukua. Dartmouth na MIT havifanyi hivyo. Jambo hili uliulize kabla ya kusaini chochote.

Halafu kuna kalenda. Novemba mwanafunzi wa kidato cha sita ana cheti cha kidato cha nne na alama za shuleni tu, kwa sababu mtihani wa taifa ni Mei na matokeo ni Julai. Mpwa wangu wa Nyegezi alinijia Oktoba na kompyuta ya kuazima. "Mjomba, si nikiwahi ndiyo nafasi inakuwa kubwa?" Nikamwambia anionyeshe insha yake ya maombi. Ilikuwa aya mbili na nusu, na ya pili ilikuwa inasifia maktaba ya chuo ambacho hajawahi kukanyaga. Ripoti za shule zilikuwa bado hazijagongwa muhuri. Kuwahi na kitu kibichi ni kupeleka dagaa ambao hawajakauka.

Alimaliza mtihani, matokeo yakatoka Julai yakiwa mazuri, akayapeleka Oktoba iliyofuata, kwa EA isiyomfunga. Mwaka ulipita katikati, mama yake akinung'unika, na mimi simlaumu.

Jambo la mwisho ni saa. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hufungwa 11:59 PM kwa saa za mahali ulipo, yaani kwa Mwanza ni saa 5:59 usiku. Mpwa wangu alituma Oktoba 30, saa mbili usiku, kwa kuwa umeme ulikuwepo.