Maana ya uathirikaji: mvua ni ile ile, nyumba si zile zile

Uathirikaji ni wepesi wa mtu, familia au shughuli kudhurika hali ya hewa inapogeuka. Neno lenyewe si tamu mdomoni. Wapo wanaosema "udhaifu", lakini mimi nalikwepa, maana linamtwika mkulima lawama kana kwamba kasoro ni mikono yake.

Wengi huuita ukame wenyewe uathirikaji. Sivyo. Ukame ni tishio. Uathirikaji ulikuwamo nyumbani tangu mvua haijakosekana. Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya 2014, lilitenganisha tishio, kuwapo kwenye njia ya tishio, na uathirikaji. Hatari huzaliwa yakikutana yote matatu.

Chukua familia mbili zilizopakana mashamba. Zote hutegemea mvua, na nafaka za wote zimekauka kabla ya kutoa masuke. Ya kwanza ina kijana anayetuma fedha kutoka mjini, tena ina kishamba bondeni kinachoshika unyevu. Ya pili ina maksai wawili, basi. Inawauza. Ila wiki hiyo kijiji kizima kinauza: mifugo imekonda, bei imeporomoka, huku nafaka ikipanda sokoni, hivyo fedha za maksai wote wawili zinaisha upesi. Msimu unaofuata mvua inanyesha vizuri, lakini plau haina wa kuivuta. Wanangoja majirani wamalize kulima ndipo waazime, wanapanda wakiwa wamechelewa, na mvua inakatika mimea ikifika magotini. Ukame umeshapita, na familia hii ni rahisi kudhurika kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Ndiyo maana wataalamu hawatazami mavuno peke yake. Mwaka 1992 watafiti Robert Chambers na Gordon Conway waliieleza riziki kuwa ni uwezo, mali na shughuli zinazomwezesha mtu kuishi, na katika mali wakahesabu hata anayeweza kubishiwa hodi wakati wa shida. Mjane anayelima ardhi iliyoandikwa jina la shemeji yake anaweza kuvuna sawa na jirani, lakini hana cha kuweka rehani akitaka mkopo wa mbegu.

Na si lazima uwe na shamba ndipo uathirike. Mafuriko ya 1974 nchini Bangladesh yalifuatiwa na njaa kubwa. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo nchini mwaka huo, kikigawanywa kwa kila kichwa, hakikuwa pungufu kuliko miaka ya jirani. Walioumia zaidi ni vibarua wa vijijini wasio na ardhi: maji yaliondoa kazi ya kupandikiza mpunga, bei ya mchele ikapaa, na ujira wa siku ukawa haununui chakula cha kutosha nyumbani.